Nahodha akistaafu, nani humpa jaruba?

Ukilitaja jina la Benjamin Ayimba kijiweni Kibaoni, pale Ifakara, utaulizwa kwanza kama alichezea Simba au Yanga. Ukisema alicheza raga, atatokea mmoja wa kukumbusha kwamba ule ndio mchezo wa kugombania mpira wenye umbo la papai, na kijiwe kitacheka. Ongeza kwamba nahodha na kocha huyo wa Kenya alifariki Nairobi tarehe 21 Mei 2021, akiwa na miaka 44, kwa malaria iliyompanda kichwani. Kicheko kitakatika. Hilo halihitaji kufafanuliwa, maana Bonde la Kilombero linaifahamu malaria kuliko linavyoufahamu mchezo wowote.

Nimemchagua Ayimba kwa sababu hiyo, na kwa nyingine iliyo kubwa zaidi. Hapa bondeni kila panapofanyika bonanza la vijana hakukosi mtu wa kusema, "Tungempata mchezaji mkubwa mstaafu aje awanoe hawa watoto, tungefika mbali." Ni kauli tamu, na imezoeleka mno hata haichunguzwi. Maisha ya Ayimba yanatupa nafasi ya kuichunguza, kwa kuwa yeye alikuwa mchezaji mkubwa, akastaafu, akawanoa vijana, na wakafika mbali kweli. Kilichofuata ndicho ambacho wasemaji wa bonanza hawakisimulii.

Alizaliwa mwaka 1976. Raga aliikutia Maseno, shule ya karibu na Kisumu iliyoanzishwa mwaka 1906. Kutoka hapo akaingia katika klabu za Nairobi, Impala na Nondescripts, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 akaenda kucheza Uingereza katika timu ya Cornish Pirates. Aliichezea Kenya katika raga ya watu kumi na watano na ile ya watu saba, akawa nahodha wa zote mbili. Mwaka 2006 akakabidhiwa timu ya taifa ya watu saba kama kocha.

Mwaka huohuo wa 2006, kijana aitwaye Collins Injera alianza kuichezea timu hiyo. Miaka mitatu baadaye, kwenye Kombe la Dunia la mwaka 2009 kule Dubai, Kenya iliifunga Fiji 26 kwa 7 katika robo fainali, kisha ikafungwa na Argentina 12 kwa 0 katika nusu fainali. Msimu huo hakuna mchezaji duniani aliyefunga trai (mabao ya raga) nyingi kuliko Injera. Mwaka huohuo wa 2009 Kenya ikafika fainali yake ya kwanza katika msururu wa mashindano ya dunia, mjini Adelaide, ikashindwa na Afrika Kusini. Mwaka 2011 Ayimba akaondoka.

Wakapita makocha wengine, akiwemo Mike Friday kutoka Uingereza na Paul Treu kutoka Afrika Kusini. Mwaka 2015 Ayimba akarudishwa. Tarehe 17 Aprili 2016, mjini Singapore, Kenya iliichapa Fiji 30 kwa 7 na kutwaa taji lake la kwanza la msururu huo. Kwa asiyeujua mchezo huu, kuifunga Fiji fainali kwa tofauti hiyo ni kama Mtibwa Sugar iende Madrid ishinde mabao manne. Miezi minne baadaye timu hiyohiyo ilikuwa Rio kwenye Olimpiki. Ilipoteza mechi zote za kundi lake, ikamaliza ya 11 kati ya timu 12. Kabla ya mwaka kwisha kocha wa Kenya alikuwa mwingine: Innocent Simiyu, naye nahodha wa zamani.

Habari hii inaweza kusomwa kwa namna mbili, na zote mbili zinanichosha. Wengine huifanya hadithi ya shujaa: mtoto wa Maseno aliyeifikisha Kenya kileleni. Wengine huifanya kilio: shujaa aliyetupwa. Mimi naona tarehe zenyewe zinasema zaidi. Kutoka 2006 Injera alipovaa jezi kwa mara ya kwanza hadi Singapore 2016 alikokuwamo ni miaka kumi. Kumlea mchezaji hadi akomae kunataka muda wa namna hiyo. Lakini katika miaka hiyo kumi, mtu aliyeanza naye aliondolewa, akarudishwa, na kisha akaondolewa tena. Miche ilikuwa ya mkulima mmoja, shamba likawa linapangishwa kila msimu kwa mwingine.

Linganisha na Argentina. Rekodi ya trai ambayo Injera aliivunja mwaka 2016 ilikuwa ya Santiago Gómez Cora, trai 230. Wakati rekodi yake inavunjwa, Gómez Cora mwenyewe alikuwa pembeni ya uwanja kama kocha wa Argentina, kazi aliyoianza mwaka 2013. Rio naye alikwenda, akarudi bila medali. Hakufukuzwa. Kwenye Olimpiki ya Tokyo, iliyochezwa mwaka 2021, Argentina ilipata shaba, na mwaka 2024 ikamaliza msimu wa ligi ya dunia ikiwa kinara wa msimamo. Huyu naye ni mchezaji mstaafu aliyegeuka kocha, kama Ayimba. Mmoja alipewa zaidi ya miaka kumi mfululizo, mwingine akagawiwa vipande. Sidai kwamba Ayimba angepewa muda angepata medali. Nadai tu kwamba hatuwezi kumpima mlezi ambaye hakuachwa amalize kulea.

Mkulima yeyote wa Kilombero anajua njia mbili za kupanda mpunga. Ya kwanza ni kumwaga: unalima, unazirusha mbegu kwa mkono, mvua ikikubali utavuna. Wakulima wengi wa bonde hili wanaotegemea mvua hufanya hivyo, na si kwa ujinga. Nguvu kazi ni ghali na maji huja yanapotaka. Ya pili ni kitalu: unaotesha miche mahali pamoja, unaing'oa, unaipandikiza kwa mistari ndani ya jaruba lililowekewa matuta ya kushika maji. Wataalamu wa KATRIN, kituo cha utafiti wa kilimo hapa Ifakara ambacho sasa kinaitwa TARI Ifakara, wamekuwa wakiihubiri njia ya pili kwa miaka mingi. Michezo ya vijana wetu inaendeshwa kwa kumwaga. Bonanza leo, kombe la mbuzi mwezi ujao, Kombe la Mbunge uchaguzi ukikaribia. Wachache huota. Wakiota tunasema bonde lina vipaji.

Kenya ina kitalu, hata kama jaruba lake linavuja. Si Maseno peke yake. Kakamega, Musingu na nyingine nyingi zinacheza raga, na mashindano ya shule za sekondari yana muhula wake unaojulikana. Kijana akimaliza kidato anakuta klabu. Mwenye uwezo anakuta timu ya taifa ya chini ya miaka 20, inayoitwa Chipu, ambayo mwaka 2019 iliifunga Namibia 21 kwa 18 jijini Nairobi na kufuzu mashindano ya dunia ya vijana nchini Brazil. Ngazi hiyo haikujengwa na nyota mmoja. Wala haikuwepo tangu zamani: Nondescripts na Harlequins zilikuwa klabu za walowezi, na ilibidi ifike mwaka 1977 ndipo wachezaji Waafrika waanzishe klabu yao wenyewe, Mwamba. Wanaosema raga ni mchezo wa wageni na wa shule za wenye hela wanasema kweli kuhusu mwanzo wake. Mpira wa miguu nao ulikuja melini.

Tanzania raga ipo, ila imejikusanya Arusha, Moshi na Dar es Salaam. Mtoto wa Ifakara akifanikiwa kwenda UMISSETA, anakwenda kwa mpira wa miguu, netiboli, wavu, mpira wa mikono au riadha. Katika michezo ya sekondari za Afrika Mashariki, FEASSSA, raga imo, na shule za Kenya na Uganda ndizo zinazotamba. Kwa hiyo nikimleta leo mchezaji mstaafu wa kiwango cha Ayimba pale Lipangalala, nikampa mipira ishirini na filimbi, atawafundisha watoto kitu ambacho hakina kesho. Watacheza dhidi ya nani? Watapanda kwenda wapi? Mwaka wa pili watakuwa wamerudi kwenye chandimu, na watakuwa wamefanya uamuzi wa busara.

Mfano wa karibu zaidi nasi uko kwenye soka, ndani ya mkoa huuhuu wa Morogoro. Mtibwa Sugar ya Turiani, timu ya kiwanda cha sukari, ilitwaa ubingwa wa Tanzania mwaka 1999 na 2000. Mecky Mexime, beki wake na nahodha wa Taifa Stars, alipostaafu hakulazimika kubuni mradi wala kuomba mfadhili. Klabu aliyoichezea ilikuwapo, ina uwanja wa Manungu, ina wachezaji wanaokaa pale miwani. Akawa kocha wake, kisha akaenda Kagera Sugar, nayo timu ya kiwanda cha sukari. Maarifa ya mchezaji yalipata mahali pa kutua. Bonde letu nalo lina miwa, lina viwanda pale Kidatu, tena vya zamani. Lakini miwa peke yake haitoshi.

Tuliyo nayo Ifakara ni taasisi ya aina nyingine, nayo inafundisha jambo hili vizuri kuliko klabu yoyote. Mwaka 1957 mtaalamu wa wanyama kutoka Uswisi, Rudolf Geigy, alifungua maabara ndogo hapa, jirani na hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Maabara hiyo ilibadilishwa majina mara kadhaa, na tangu mwaka 2008 tunaiita Taasisi ya Afya Ifakara. Geigy aliondoka. Waliomfuata waliondoka pia. Kazi haikuondoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti walipima pale Namawala na kukuta kwamba mtu mmoja anaweza kuumwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Mwaka 1997 ukaanza mradi wa kuuza vyandarua vyenye dawa kwa bei ya wananchi katika Kilombero na Ulanga. Wazee wanalikumbuka jina la Zuia Mbu. Miaka michache baadaye hesabu zilionyesha kwamba uhai wa watoto wadogo waliolala ndani ya vyandarua hivyo uliongezeka kwa asilimia 27. Mwaka 2004 ikaanza kusambazwa nchini Hati Punguzo, ya kuwapunguzia wajawazito bei ya chandarua.

Hakuna nyota katika habari hiyo. Kuna watu wanaopita nyumba kwa nyumba wakiandika nani kazaliwa, nani kahama, nani kafariki, mwaka hadi mwaka. Ndipo unapoweza kusema kitu kimefanya kazi au hakikufanya. Niambie ni kituo gani cha michezo ya vijana hapa bondeni kinachoweza kukuonyesha daftari la watoto kiliokuwa nao mwaka 2015: wangapi walimaliza shule, wangapi waliumia, wangapi bado wanacheza, wangapi waliachia njiani na kwa nini. Bila daftari, kila bonanza ni mafanikio.

Sasa, kama mtu angeniuliza pesa kidogo iliyopo iende wapi, ningesema iende kwa mwalimu wa michezo kabla ya nyota. Nchi ina Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya na Chuo cha Ualimu Butimba, vyote mkoani Mwanza, vinavyotoa watu wa kazi hiyo. Mwalimu mmoja aliyesoma Malya, akipangiwa shule ya sekondari ya Kiberege au Mang'ula akakaa miaka minane, atalea wengi kuliko mchezaji wa kimataifa anayekuja wikiendi mbili kwa mwaka na kupiga picha. Mstaafu namtaka pia, ila nyuma ya mwalimu: amfundishe mwalimu, si watoto moja kwa moja. Anachokijua yeye na mwalimu hakijui ni kitu halisi. Anajua jinsi ya kumkaba mtu bila kuvunja shingo, jinsi mwili unavyochoka dakika ya sita ya mechi ya dakika kumi na nne, jinsi kijana wa miaka kumi na tisa anavyolia bafuni baada ya kuachwa kwenye kikosi. Hayo hayamo vitabuni.

Wakosoaji watasema walimu wa michezo tunao na hawafundishi michezo, wanapewa vipindi vya jiografia. Ni kweli. Lakini hiyo ni kasoro inayorekebishwa kwa ratiba ya mkuu wa shule, wakati kumsubiri nyota hakurekebishwi na yeyote.

Ipo pia kalenda, ambayo mgeni hawezi kuijua. Mvua za bonde hili huanza karibu Novemba na kuendelea hadi Mei. Viwanja vya tambarare hugeuka tope, vingine vinakuwa bwawa. Wakati huohuo familia nyingi huhamia mashambani, mbali na vijiji, kulima na kuamia ndege, na watoto hufuata wazazi. Mpango wa vijana uliochorwa Dar es Salaam utaweka ligi Februari na Machi, kisha ripoti itaandika kwamba mwitikio ulikuwa mdogo. Mpunga ukishavunwa, Juni hadi Oktoba, ardhi imekauka, mifuko ina kitu, na kijana ana jioni zake. Msimu wa michezo wa Kilombero ni huo, na mengine yote yapangwe kuuzunguka.

Nami sioni ubaya raga ikianzia kwa wasichana. Netiboli imewapa mikono. Anayejua kupokea pasi akiwa hewani na kuitoa kabla hajatua ameshajifunza nusu ya raga ya watu saba; iliyobaki ni kukimbia akiwa nao na kutoogopa kuguswa. Kwa wadogo ipo raga ya utepe, ambapo mtoto hufungwa vitambaa viwili kiunoni na mwenzake huvuta kimoja badala ya kumwangusha. Haihitaji nyasi za uwanja wa raga wa Ngong Road, Nairobi. Inahitaji vipande vya kanga vilivyochakaa na mtu wa kuhesabu.

Suala la pesa halikwepeki. Ayimba alipougua, ilitolewa rai kwa umma ichangie gharama za hospitali. Huyu ndiye kocha aliyeiletea Kenya taji ambalo haikuwahi kulipata. Mrithi wake Simiyu aliifikisha timu kwenye fainali mbili mwaka 2018, Vancouver na Hong Kong, ikafungwa na Fiji zote mbili. Mwezi Juni mwaka huo, kwenye mashindano ya Paris, wachezaji walilifunika jina la mdhamini kifuani wakilalamikia posho zao. Kabla ya mwaka kwisha Simiyu naye alikuwa ameondoka, ingawa baadaye alirudishwa, kama Ayimba alivyorudishwa kabla yake. Mwaka 2023 Kenya ikashushwa kutoka daraja la juu la dunia, na ikalazimika kupigania kurudi mwaka uliofuata. Nchi yenye kitalu kizuri kuliko vyote Afrika Mashariki ilifikia hapo kwa sababu mlezi alihesabiwa kuwa kibarua. Tukiiga Kenya, tuige shule zake. Mikataba yake tuiache hukohuko.

Si wote walioishia njia moja. Humphrey Kayange, aliyecheza chini ya Ayimba Dubai mwaka 2009, tangu mwaka 2021 ni mjumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Mchezaji mstaafu anayekaa kwenye meza inayogawa pesa anaweza kuwafaa vijana kuliko anayekaa na filimbi, ingawa watoto hawatamjua. Kila mwanandinga wetu anayestaafu tunamsukuma awe kocha, kama vile hakuna kazi nyingine. Wapo ambao hawawezi kufundisha hata kidogo: walicheza kwa kipaji ambacho wenyewe hawakielewi, na mtoto akiwauliza afanyeje hujibu, "Fanya hivi," wakafanya, basi.

Nirudi kwenye homa. Mtoto anayekulia katika malaria nyingi, akinusurika miaka ya mwanzo, mwili wake hujenga kinga ya kiasi fulani. Akiugua, mara nyingi hatafika pabaya. Mtu mzima ambaye hakukulia humo, au aliyeihama kwa miaka mingi akaishi mahali pa baridi, hana kinga hiyo, au imempungukia. Kwa hiyo katika uwanja wa Ifakara saa moja usiku, mtu aliye hatarini zaidi anaweza kuwa yule nyota mwenyewe, amesimama katikati na kaptula yake, amekuja kuwanoa watoto, na kuwazidi wote kwa misuli. Watafiti wa hapa wameshaandika vya kutosha kwamba mbu wa bonde hili hawangoji mtu alale. Wengine wanaanza kazi nje ya nyumba, giza linapoingia.

Mazoezi ya vijana wetu huanza saa kumi na moja jua likipoa, na hunoga kadiri giza linavyokaribia, kila mtu akitaka bao la mwisho. Kocha yeyote atakayekuja, awe mwalimu kutoka Malya au nahodha mstaafu kutoka Nairobi, itabidi aanze saa kumi, watu wakilalamikia jua, na apulize filimbi ya mwisho saa kumi na mbili kamili, watu wakilalamikia bao.